Kiendelezi cha LibreOffice kimegoma kwa sababu ya XML? Fuata hatua hizi

Umetengeneza kamusi ya tahajia, ukaifungasha ikawa kiendelezi, yaani nyongeza ya LibreOffice, kwenye faili la .oxt, ukalibofya, na LibreOffice ikakujibu kwa Kiingereza kirefu kisichosema kosa liko wapi. Au haikusema lolote: kiendelezi kimo kwenye orodha, lakini kina jina la ajabu na hakifanyi kazi. Maswali ya namna hii hayaishi, na majibu yake ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja.

Mara nyingi tatizo haliko kwenye kamusi yenyewe. Liko kwenye faili dogo la metadata (maelezo kuhusu kiendelezi chenyewe) liitwalo description.xml, lililoandikwa kwa XML, muundo wa maandishi yenye tagi, ambalo wengi wetu hulinakili kutoka kiendelezi cha mtu mwingine, tukabadilisha majina na kuacha mengine kama yalivyo. Ushauri wangu mkuu ni huu: usitumie LibreOffice kutafuta kosa la XML. Kosa litafute nje yake, kwa chombo kinachokutajia namba ya mstari. LibreOffice iguse mwishoni tu, faili likishakuwa safi.

Mfano nitakaoutumia ni kamusi ya tahajia ya Kiswahili kwa maneno ya uvuvi. Kama chako ni kiendelezi cha makro au cha violezo, hatua hazibadiliki.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye LibreOffice. Simu haitakufikisha mbali.
- Faili lako la .oxt, pamoja na nakala yake iliyowekwa pembeni.
- Kihariri cha maandishi matupu: Notepad++, Geany, Kate, VS Code, chochote kinachoonyesha namba za mistari. Writer na Word hazifai hapa. Sababu utaiona kwenye hatua ya 5.
- Chombo cha kukagua XML. Kwenye Ubuntu na Debian sakinisha xmllint kwa `sudo apt install libxml2-utils`. Kwenye Mac xmllint ipo tayari. Kwenye Windows usipakue kitu: LibreOffice huja na Python yake, nayo inatosha.
- Kwa Windows, 7-Zip ya kufungulia na kufungia.

Nadharia ni fupi. Faili la .oxt ni ZIP ya kawaida yenye jina jingine. Ndani yake LibreOffice hutafuta `description.xml` ili ijue kiendelezi ni nani, na `META-INF/manifest.xml` ili ijue kimebeba nini. Kamusi huwa na faili la tatu, `dictionaries.xcu`, ambalo nalo ni XML ingawa jina lake halisemi hivyo. Kosa la herufi moja kwenye lolote kati ya hayo matatu linatosha kukwamisha kila kitu, kwa sababu kanuni za XML, tangu zilipotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1998, haziruhusu programu kubahatisha mwandishi alikusudia nini. Kivinjari husamehe HTML mbovu. XML mbovu haina msamaha.

Hatua

1. Fungua kifurushi. Kwenye Linux au Mac:

```
mkdir kazi
cd kazi
unzip ../uvuvi.oxt
```

Kwenye Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua 7-Zip, kisha litoe kwenye folda mpya. Ukiwa hapo, ruhusu Windows ionyeshe mikia ya majina ya mafaili. Bila hivyo utakuwa unatazama `description.xml` ambalo jina lake kamili ni `description.xml.txt`, na utakagua XML mpaka usiku wa manane bila kuona kosa.

2. Hakikisha kila kitu kiko mahali pake. Unatakiwa uone hivi:

```
description.xml
dictionaries.xcu
sw_TZ.aff
sw_TZ.dic
META-INF/manifest.xml
```

`description.xml` lazima liwe juu kabisa. Ukikuta kwanza folda iitwayo `uvuvi` na mafaili yote yamo ndani yake, umeshapata kosa: uliifunga folda badala ya vilivyomo. Ingia ndani ya folda hiyo, nenda moja kwa moja hatua ya 7, kisha urudi hapa kama tatizo litaendelea.

3. Kagua mafaili yote matatu.

```
xmllint --noout description.xml META-INF/manifest.xml dictionaries.xcu
```

Ikikaa kimya, XML yako imeandikwa sawasawa. Kimya ndicho kibali chenyewe, usisubiri ujumbe wa pongezi.

Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda ileile, uandike amri hii kwa mstari mmoja:

```
"C:\Program Files\LibreOffice\program\python.exe" -c "import xml.dom.minidom as m; m.parse('description.xml')"
```

Rudia kwa kila faili ukibadilisha jina. Na kama uko kwenye kompyuta ya ofisi ambayo huruhusiwi kuendesha amri yoyote, liburute faili la .xml mpaka ndani ya Firefox. Itakuonyesha mstari wenye kosa. Kwa `dictionaries.xcu`, tengeneza nakala yenye mkia wa .xml kwanza.

4. Soma kosa la kwanza, liondoe, kagua tena. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tutulie kidogo. Chukua faili hili. Namba za pembeni nimeziweka mimi, si sehemu ya faili:

```
1  <?xml version="1.0" encoding="UTF-8"?>
2  <description xmlns="http://openoffice.org/extensions/description/2006"
3    xmlns:xlink="http://www.w3.org/1999/xlink">
4    <version value="1.0.2"/>
5    <identifier value="org.mfano.tahajia.uvuvi">
6    <display-name>
7      <name lang="sw">Uvuvi & Bahari</name>
8    </display-name>
9  </description>
```

xmllint italalamika hivi:

```
description.xml:7: parser error : xmlParseEntityRef: no name
description.xml:9: parser error : Opening and ending tag mismatch:
identifier line 5 and description
```

Baada ya hapo italeta lalamiko jingine kwamba faili limeisha kabla ya wakati. Malalamiko matatu, makosa mawili.

La kwanza liko mstari wa 7 kweli: alama ya `&` haikai peke yake kwenye XML, huandikwa `&amp;`. La pili linatajwa mstari wa 9, lakini mstari wa 9 hauna ubaya wowote. Tatizo liko mstari wa 5, ambako mkwaju (`/`) wa mwisho umesahaulika: ilitakiwa `<identifier value="org.mfano.tahajia.uvuvi"/>`. Kikaguzi kiliendelea kusoma kikidhani tagi ya `identifier` bado iko wazi, hakikushtuka mpaka kilipokutana na `</description>`. Ndiyo maana mstari unaotajwa ni mahali ambapo kikaguzi kimegundua kosa, na kosa lenyewe laweza kuwa juu yake, wakati mwingine mbali sana. Chini ya mstari huo halipo. Na lile lalamiko la tatu limezaliwa na la pili. Tia mkwaju na yote mawili yatatoweka.

Kwa hiyo usishike yote kwa mkupuo mmoja. Ondoa la kwanza, hifadhi, endesha amri tena.

5. Yatambue makosa ya kila siku. Machache haya hurudi kila mara, na mojawapo linatuandama sisi tunaoandika Kiswahili kuliko wengine.

*Ritifaa ya ng'.* Ndani ya tagi, jina kama `lang` huitwa sifa, na kinachofuata alama ya `=` ni thamani yake. XML hukubali thamani ya sifa izungushiwe nukuu moja au nukuu pacha. Sasa tazama:

```
<src xlink:href='maelezo/ng'ombe.txt' lang='sw'/>
```

Thamani imekatikia kwenye `ng`, na `ombe.txt` imebaki nje haina mwenyewe. xmllint itasema `attributes construct error`. Zungushia sifa zote nukuu pacha, `"maelezo/ng'ombe.txt"`, na hutaliona tena tatizo hili. Ndani ya maandishi ya kawaida, katikati ya tagi mbili, ritifaa haina neno: `<name lang="sw">Samaki wa ng'ambo</name>` ni sawa kabisa. Hata hivyo, mafaili ningeyapa majina yasiyo na ritifaa wala nafasi, mambo yaishe.

*Nukuu zilizopinda.* Writer, Word na kibodi nyingi za simu hugeuza nukuu zako zikapinda ili zipendeze. XML hazitambui kama nukuu. Ujumbe wake ni `AttValue: " or ' expected`. Ukiuona ujumbe huo na macho yako yanakuambia nukuu zipo, zikuze herufi kwenye kihariri, utaziona zimeinama. Hii ndiyo sababu nilikukataza Writer, na ndiyo sababu usinakili XML kutoka kwenye ujumbe wa simu. Omba utumiwe faili lenyewe.

*Usimbaji.* Huu ni mfumo wa kuhifadhi herufi ndani ya faili. Mstari wa kwanza unasema UTF-8, lakini faili limehifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows. Kwa Kiswahili kitupu hutajua, kwa sababu herufi zetu zote ni za kawaida. Siku utakapobandika ritifaa iliyopinda, au ukaongeza maelezo kwa Kifaransa kama wafanyavyo wengi wa Kongo na Burundi, herufi `é` ya kwanza itakuletea `Input is not proper UTF-8`. Dawa ni kuhifadhi upya faili kwa UTF-8 kutoka kwenye kihariri. Notepad ya Windows 10 tangu toleo la 1903 hufanya hivyo yenyewe. Za nyuma yake zilihifadhi kwa ANSI, ule usimbaji wa zamani, usipochagua. Kubadilisha neno UTF-8 kwenye mstari wa kwanza likawa kitu kingine ni kuuficha ugonjwa, nami sikushauri.

*Kitu kabla ya `<?xml`.* Nafasi moja, mstari mtupu, maoni ya mwandishi, haviruhusiwi. Tamko hilo liwe herufi za kwanza kabisa za faili, au lisiwepo.

*Vifupisho vya HTML.* XML inavijua vitano tu: `&amp;`, `&lt;`, `&gt;`, `&quot;` na `&apos;`. `&nbsp;` uliyoizoea kwenye kurasa za wavuti haimo. Na viungo vya intaneti vyenye `?id=5&lang=sw` vinahitaji `&amp;` hapo katikati, la sivyo utaambiwa `EntityRef: expecting ';'`.

Angalia pia herufi kubwa na ndogo (`<Name>` haifungwi na `</name>`), na usiweke vistari viwili `--` katikati ya maoni.

6. XML safi yaweza kuwa bado na makosa. xmllint hukagua uandishi, haijui LibreOffice inataka nini. Pitia haya kwa macho:

Anwani ya `xmlns` kwenye `<description>` iwe neno kwa neno `http://openoffice.org/extensions/description/2006`. Usiigeuze kuwa https, usiiweke libreoffice, usiongeze mkwaju mwishoni. Si anwani ya kutembelewa. Ni jina, na jina likibadilika LibreOffice hulikataa faili zima.

Toleo na kitambulisho hukaa kwenye sifa ya `value`. `<version>1.0.2</version>` ni XML safi kabisa isiyo na maana yoyote kwa LibreOffice.

Kila kiambishi unachokitumia, yaani neno lililo kabla ya nukta mbili, kitangazwe juu. Ukiandika `xlink:href`, lazima `xmlns:xlink` iwepo. xmllint hulitaja hili kama `namespace error`, na watu hulipuuza kwa kudhani ni onyo dogo.

Mwisho, tagi ya toleo la chini:

```
<dependencies>
  <OpenOffice.org-minimal-version value="4.0" d:name="OpenOffice.org 4.0"/>
</dependencies>
```

Kiambishi `d` nacho kinahitaji tamko lake, lenye anwani ileile ya `description/2006`. Nukta zilizo ndani ya jina la tagi ni halali, usizifute. Namba pia iache ilivyo. Nimeona watu wakiandika 24.2 hapo kwa kuwa ndilo toleo la LibreOffice walilonalo. Tagi hii inapima kwa namba za OpenOffice, ambazo hazijafika huko, na kiendelezi kitakataliwa. Ukitaka kupima kwa toleo la LibreOffice ipo tagi nyingine, `LibreOffice-minimal-version`, yenye anwani yake: `http://libreoffice.org/extensions/description/2011`.

7. Funga upya, ukiwa ndani ya folda.

```
zip -r ../uvuvi-mpya.oxt . -x "*.DS_Store"
```

Hiyo nukta ndiyo yenye kazi: inamaanisha vilivyomo humu ndani, si folda yenyewe. Kwenye Windows ingia ndani ya folda, chagua mafaili yote kwa Ctrl+A, yafunge kwa 7-Zip kwa muundo wa zip na njia ya Deflate, kisha ubadilishe mkia kuwa .oxt. Usichague 7z wala LZMA, LibreOffice haitaifungua.

Hakiki kwa `unzip -l ../uvuvi-mpya.oxt`. `description.xml` ionekane bila jina la folda mbele yake.

8. Sakinisha kwa unopkg, chombo cha LibreOffice cha kusakinisha viendelezi kwa amri. Funga LibreOffice yote kwanza, pamoja na ile alama ndogo inayobaki pembeni mwa saa kwenye Windows.

```
unopkg add ../uvuvi-mpya.oxt
unopkg list
```

Kwenye Windows chombo hiki kiko `C:\Program Files\LibreOffice\program\unopkg.com`, kwenye Mac, `/Applications/LibreOffice.app/Contents/MacOS/unopkg`. Kama kiendelezi kilikuwepo tayari, ongeza `-f` baada ya `add`. Naipendelea njia hii kuliko kubofya, kwa sababu maneno ya kosa hubaki kwenye skrini na unaweza kuyanakili.

Tahadhari

Usihariri mafaili yaliyo ndani ya folda ya LibreOffice ya mtumiaji (`~/.config/libreoffice/4/user`, au `%APPDATA%\LibreOffice\4\user` kwenye Windows, hiyo 4 haijabadilika ingawa matoleo yameshapita mbali). Humo kuna nakala zilizosakinishwa. Ukizigusa, leo itafanya kazi, na siku utakapompa mtu mwingine .oxt yako atapata kosa lilelile la zamani.

Usibadilishe kitambulisho kila unaporekebisha. Ongeza toleo tu. Kitambulisho kipya ni kiendelezi kipya, na mtumiaji atajikuta na kamusi mbili za kazi moja.

Bado inagoma?

*`unopkg list` inaonyesha kitambulisho kinachoanza na `org.openoffice.legacy`.* LibreOffice haikupata kitambulisho chako ikajitungia chake kutokana na jina la faili. Ama `description.xml` haliko juu kabisa, ama tagi ya `identifier` haipo au haina `value`. Rudi hatua ya 2 na ya 6.

*Kimo kwenye orodha kwa jina sahihi, lakini maneno hayakaguliwi.* Fungua `META-INF/manifest.xml`: njia iliyoandikwa kwenye `manifest:full-path` ifanane na jina la faili mpaka herufi kubwa na ndogo. Kisha `dictionaries.xcu`: kwenye `Locales` huandikwa `sw-TZ` kwa kistari, si `sw_TZ`, ingawa majina ya mafaili yenyewe yana mstari wa chini. Vikiwa sawa vyote viwili, tazama lugha ya waraka. Maandishi yaliyowekwa Kiingereza hayatakaguliwa kwa Kiswahili hata kamusi ikiwa kamilifu, na aliyeweka Kiswahili cha Kenya hatapata kamusi iliyotangazwa kwa Tanzania peke yake. Unaweza kutangaza zote mbili kwa kuacha nafasi kati yake: `sw-TZ sw-KE`.

*Umerekebisha, bado kosa ni lilelile neno kwa neno.* Huenda unasakinisha faili la zamani. Ondoa kwa `unopkg remove org.mfano.tahajia.uvuvi`, kisha uongeze jipya ukiangalia jina na saa yake.

*LibreOffice haifunguki tena.* Iendeshe kwa `soffice --safe-mode`, na kwenye dirisha litakalotokea chagua kuzima viendelezi vyote vya mtumiaji. Nyaraka zako haziguswi.

*Kwako inakubali, kwa mwenzako inakataa.* Linganisheni alama ya faili: `sha256sum uvuvi-mpya.oxt` kwenye Linux, `certutil -hashfile uvuvi-mpya.oxt SHA256` kwenye Windows. Zikitofautiana, faili liliharibika njiani; litume upya. Zikifanana, linganisheni matoleo ya LibreOffice.

*Kiendelezi kinafanya kazi ila hakijisasishi.* Faili la masasisho lililoko kwenye seva nalo ni XML, na lina anwani yake ya `xmlns` inayoishia na `update/2006` badala ya `description/2006`. Lipakue, lipitishe kwenye xmllint kama mengine, na uhakikishe kitambulisho chake kinafanana na cha kiendelezi.

Ukilazimika kuomba msaada, tuma vitu vitatu: faili lenyewe la .oxt, matokeo ya `xmllint` bila kuyafupisha, na matokeo ya `unzip -l`. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, imekatwa pembeni na namba ya mstari haisomeki, humrudisha kila mtu mwanzo.